Dungu usiloweza kulikagua, usilipande

Kila mwaka, kati ya Septemba na Januari kutegemea sheria za jimbo, mamilioni ya Wamarekani huingia msituni kuwinda kulungu wa mkia mweupe. Wengi wao hawamnyatii mnyama. Hupanda mti wakakaa kwenye dungu, jukwaa dogo la chuma au mbao lililofungwa shinani mita tano au sita kutoka ardhini, wakamsubiri apite. Asiyeijua kazi hii akiulizwa hatari yake iko wapi, atataja bunduki. Rekodi za hospitali zinataja mti. Madaktari wa Ohio ya kati walipochambua majeruhi wa uwindaji waliowapokea katika kipindi cha miaka kumi kilichoishia 2007, walikuta kwamba yapata nusu yao walikuwa wameanguka, na waliopigwa risasi hawakufika theluthi moja. Walioanguka, karibu wote walianguka kutoka madunguni. Hilo halikuwa jambo geni. Tangu mwaka 1989 kituo cha serikali ya Marekani cha kudhibiti magonjwa kilikuwa kimechapisha taarifa ya jimbo la Georgia iliyoonyesha kwamba katika miaka kumi iliyotangulia, zaidi ya theluthi ya majeraha yote yaliyoripotiwa ya wawindaji wa kulungu yalihusiana na madungu. Kwa hiyo mtu anayetumia siku nzima kusafisha bunduki yake, kisha akapanda dungu lililoachwa mtini tangu mwaka jana bila kuligusa hata nati moja, ameshughulikia hatari ndogo na kuiacha kubwa.

Makala haya yana hoja moja: kuchagua dungu na kulitunza ni uamuzi mmoja. Sokoni mambo haya mawili hutenganishwa. Mnunuzi hupima anataka kukaa juu kiasi gani, ana fedha kiasi gani na anapenda kiti cha namna gani. Utunzaji huachiwa kijitabu cha maelezo ambacho mara nyingi hutupwa pamoja na boksi. Mpangilio huo ndio unaozaa ajali. Swali la kwanza la mnunuzi lilipaswa kuwa hili: je, nitaweza kukiona na kukigusa kila kiungo cha dungu hili kabla sijalikabidhi uzito wangu, na nitaweza kulishusha msimu ukiisha? Jibu likiwa hapana, dungu hilo halifai, hata liwe imara namna gani siku ya kwanza. Suala hili linatugusa hata sisi tusiowinda kulungu. Wasemaji wa Kiswahili waliohamia Marekani wanaishi katika majimbo ambako uwindaji huu ni jambo la kila msimu, na huku kwetu madungu yamo mashambani, ambamo watu wazima na watoto hukaa kulinda mpunga na mahindi dhidi ya ndege, nyani na nguruwe. Mvuto wa ardhi haujali aliye juu anashika bunduki au anapiga debe.

Lipo pingamizi la mapema: kama kupanda ni hatari, kwa nini mwindaji asikae chini? Ni swali la haki, na jibu lake linaonyesha kwa nini dungu halitatoweka. Kulungu huishi kwa pua na macho yake. Aliye juu humwona mapema, huwa nje ya usawa wa macho ya mnyama, na harufu yake mara nyingi hupita juu kabla ya kushuka mbali zaidi. Muhimu kuliko yote, risasi inayopigwa kuelekea chini ikimkosa mnyama huishia ardhini, wakati ile inayopigwa sambamba na ardhi yaweza kusafiri hadi kumfikia mtu asiyeonekana. India nayo ilijenga madungu kwa sababu zake. Huko wawindaji wa simbamarara walikesha mtini juu ya mzoga wa mnyama, na Jim Corbett, aliyepata umaarufu kwa kuwaua simbamarara na chui waliokula watu katika milima ya Kumaon, alikesha hivyo mara nyingi. Corbett alihamia Nyeri, Kenya, mwaka 1947 na kufia huko mwaka 1955. Alikuwemo katika Treetops, nyumba iliyojengwa juu ya mgumo katika msitu wa Aberdare tangu 1932, usiku wa Februari 1952 ambao Elizabeth, akiwa mgeni humo, alirithi ufalme wa Uingereza baada ya baba yake kufariki. Kenya ikapiga marufuku uwindaji wa burudani mwaka 1977, lakini jukwaa la juu likabaki kwa watazamaji na wapiga picha. Dungu lina faida zake za kweli. Tunachopaswa kubishania ni hali yake.

Sekunde moja

Hesabu ya mwanguko ni rahisi, na kila mpandaji angefaa kuijua kwa moyo. Anayeanguka kutoka mita tano hufika chini kwa takriban sekunde moja, akiwa katika mwendo wa karibu kilomita 36 kwa saa. Sekunde moja haitoshi kushika tawi, kujigeuza wala kutupa bunduki. Mwili unafika kama ulivyokuwa ulipoanza kuanguka, mara nyingi kwa miguu, makalio au mgongo, na ndiyo maana kuvunjika kwa pingili za uti wa mgongo kunajirudia katika ripoti za hospitali kuhusu ajali hizi. Baadhi ya majeruhi hawatembei tena. Ubaya mwingine ni kwamba mwindaji huwa peke yake, mara nyingi kabla ya jua kuchomoza, penye baridi na mahali ambapo simu haishiki. Majeraha ambayo mjini yangetibiwa ndani ya saa moja, msituni humkuta mtu amelala chini hadi jioni familia yake itakapoanza kuuliza. Kutokana na hesabu hiyo tunapata kanuni ya kwanza ya uchaguzi, nayo inapingana na tamaa ya wengi: usipande juu kuliko unavyohitaji. Kila mita inayoongezwa huongeza nguvu ya kishindo, huku ikipunguza pembe nzuri ya kulenga.

Tukiyapima madungu kwa kipimo cha ukaguzi, aina zake zinajipanga zenyewe. Dungu la ngazi, ambalo jukwaa lake limeungana na ngazi ya chuma inayoegemea shina, ni zito kubeba na huhitaji watu wawili au watatu kulisimamisha, lakini viungo vyake vingi hukaguliwa likiwa bado limelazwa chini. Kwa anayeanza, kwa mtu mzima ambaye magoti yamechoka, na kwa mzazi anayemfundisha mtoto, hilo ndilo la kwanza kufikiriwa. Kibanda cha miguu mitatu au minne kinafaa uwanda usio na miti, mradi miguu yake ifungwe kwa nyaya zilizosimikwa ardhini ili upepo usikiangushe. Dungu la kupanda nalo lina vipande viwili ambavyo mwindaji huvisogeza juu ya shina kwa zamu, kimoja kwa mikono, kingine kwa miguu. Hilo hushuka naye kila siku, kwa hiyo hukaguliwa kila siku. Sharti lake ni mti ulionyooka usio na matawi chini, na mpandaji mwenye nguvu. Dungu la kuning'iniza, linalofungwa juu kwa mikanda huku mtu akipanda kwa vipande vya ngazi, ni jepesi na hufungika kwenye karibu mti wowote, lakini ndilo linalomjaribu mwenyewe aliache huko mwaka mzima. Aina ya mwisho ni dungu la mbao lililopigiliwa misumari, ambalo husimama hadi lianguke. Hilo linashindwa mtihani wetu moja kwa moja: ncha ya msumari iliyozama ndani ya mti unaokua haiwezi kuonekana, na ubao unaweza kuoza kwa ndani huku uso wake ukionekana mzima.

Mti nao huchaguliwa

Watu wengi huchagua dungu kwa uangalifu kisha wakalifunga kwenye mti wowote ulio karibu na njia ya mnyama. Huo ni usahaulifu wa nusu ya chombo, kwa sababu bila mti hakuna dungu. Mti unaofaa ni ulio hai, ulionyooka, wenye unene ulioandikwa na mtengenezaji, na wenye gome lisilobanduka. Mti mwembamba hutikisika kwa upepo, na mnene kupita kiasi hufanya mkanda au mnyororo usifike mahali pake. Mti uliokufa usipandwe kamwe. Marekani imepata funzo kali juu ya jambo hili. Mwaka 2002 iligunduliwa huko Michigan kwamba mbawakawa mdogo wa kijani kutoka Asia ameingia nchini na anashambulia miti inayoitwa ash. Mabuu yake hula tabaka la chini ya gome linalopitisha chakula cha mti. Tangu hapo ameua makumi ya mamilioni ya miti hiyo. Mti wa aina hiyo ukishakufa hukauka haraka na kuwa mwepesi kuvunjika, na matawi yake hukatika bila onyo. Dungu lililokuwa salama kabisa miaka mitano iliyopita linaweza leo kuwa limefungwa kwenye maiti iliyosimama, na hakuna kilichobadilika kwenye dungu lenyewe. Ndiyo sababu ukaguzi unaanzia kwenye mizizi, unapanda na shina hadi kwenye matawi yaliyo juu ya kichwa cha mpandaji, kabla ya kufika kwenye chuma.

Uzito nao una mahali pake hapa. Madungu mengi ya kiwandani Marekani yameandikwa kikomo cha ratili 300, yaani kilo 136, na wanunuzi huusoma mstari huo kama unamhusu mtu aliyesimama bafuni. Kikomo hicho kinamhusu mtu aliyevaa makoti ya baridi na viatu vizito, akiwa na bunduki au upinde, begi, maji na chakula, na kama amefanikiwa kupanda na vitu vya ziada, navyo vimo. Mtu wa kilo 115 ameshaukaribia kikomo kabla hajafunga begi. Dungu linalonunuliwa lipimwe pia kwa cheti. Watengenezaji wakubwa wa Marekani wana chama chao kinachotaka bidhaa zipimwe kwa viwango vinavyotambuliwa, na dungu linalofuata utaratibu huo huuzwa pamoja na mikanda ya usalama ya mwili mzima na maelezo yake. Dungu la mtumba lisilo na maelezo, lisilo na lebo ya uzito na lenye bolti za kuokoteza halina urahisi wowote. Bei yake ya kweli haijajulikana bado.

Kinachokatika kwanza

Chuma huonekana kuwa ndicho kinachobeba kila kitu, lakini mara nyingi kinachoachia kwanza ni mkanda. Mikanda ya nailoni na poliesta hudhoofishwa na jua. Nyuzi zake huoza kidogo kidogo hata kama rangi haijapauka sana. Kindi huitafuna. Maji huingia katika mikunjo, yakaganda wakati wa baridi, yakayeyuka, yakaganda tena. Wakati huohuo mti haujasimama kukua: shina linanenepa, mkanda uliofungwa barabara mwaka jana unavutwa kupita kiasi, vifungio vyake vinapinda, na gome linaanza kuumeza. Mwindaji anayerudi baada ya miezi kumi anauona mkanda uko palepale na kifungio kimefungwa, anaridhika. Hajui kwamba anachokiona ni umbo tu, nguvu imeshatoka. Nyaya za chuma zenye ganda la plastiki ni mtego wa namna hiyohiyo, kwa kuwa kutu hula chini ya ganda bila kuonekana. Viungo vilivyochomelewa viangaliwe kimoja kimoja, hasa mahali rangi imepasuka katika mstari mwembamba, maana ufa wa chuma huanza hivyo. Nati zilizolegea hukazwa, na bolti iliyopinda hubadilishwa kwa ile iliyotajwa na mtengenezaji. Kuinyoosha kwa nyundo ni kuiongezea ufa.

Tiba ya haya yote ni ya kawaida na haihitaji fundi. Msimu ukiisha, dungu lishushwe, lisafishwe, likaushwe na kuwekwa chini ya paa, mahali pasipofikiwa na panya. Mikanda ibadilishwe kwa muda uliowekwa na mtengenezaji, na mara moja ikiwa na mchubuko, hata kama muda haujafika. Kabla ya msimu mpya, dungu lifungwe kwanza chini kabisa ya shina, mwenye dungu alikanyage na kulitikisa sentimita chache tu kutoka ardhini, ndipo alipandishe. Anayesema huu ni usumbufu wa kupindukia atazame nchi nyingine zenye utamaduni wa zamani wa madungu. Ujerumani, ambako madungu ya mbao yamejaa kandokando ya mashamba na misitu, kanuni za kuzuia ajali za uwindaji zinataka yakaguliwe kabla ya kila matumizi na angalau mara moja kwa mwaka, na yasiyohitajika tena yabomolewe. Marekani kwenyewe, katika hifadhi za wanyamapori za serikali ya shirikisho, ni marufuku kufunga dungu kwa misumari, skrubu au bolti zilizopigiliwa mtini, na hata kuwinda kutoka kwenye mti uliopigiliwa chuma ili kumbeba mwindaji. Kanuni hiyo inaulinda mti na wakati huohuo inamwondolea mwindaji dungu lisilokagulika. Nchi mbili zenye desturi tofauti zimefika mahali pamoja.

Mpanda ngazi hushuka

Utunzaji bora hauondoi uwezekano wa kuteleza, na ndiyo maana mikanda ya usalama ya mwili mzima ni sehemu ya dungu, haiwezi kuhesabiwa kuwa pambo. Waliojeruhiwa wengi hawakuwa wameivaa, na wengine walikuwa wameivaa bila kuifunga kwenye mti. Kosa linalojirudia ni kufunga mkanda baada ya kuketi. Wahenga walisema mpanda ngazi hushuka, na hatari kubwa imo katika kupanda na kushuka: mtu anapovuka kutoka ngazini kwenda jukwaani, miguu ikiwa na tope, mikono ikiwa imekufa ganzi kwa baridi, giza likiwa halijaondoka. Dawa yake ni kamba ya usalama inayoning'inia kutoka juu ya dungu hadi chini, yenye fundo linaloteleza mtu akilisukuma kwa mkono na kung'ang'ania akianguka. Akijifunga nayo akiwa bado amesimama ardhini, hatakuwa huru hewani hata kwa hatua moja. Fundo likae juu ya kichwa, kamba isilegee. Wakati wa kupanda, viungo vitatu kati ya mikono miwili na miguu miwili viwe vimeshika ngazi muda wote. Bunduki isiyo na risasi hupandishwa baadaye kwa kamba yake, mtutu ukiwa umeelekezwa mbali na mtu. Mikanda ya mwili mzima nayo ina umri, na iliyowahi kumdaka mtu akianguka haitumiki tena.

Wapo wanaosema kwamba mikanda nayo inaua, kwa kuwa mtu anayening'inia hubanwa mapaja na damu ikashindwa kurudi moyoni. Wanasema kweli kuhusu hatari, wanakosea kuhusu hitimisho. Anayening'inia bila kutikisika anaweza kuzimia baada ya muda mfupi. Kwa hiyo mikanda bora huja na kitanzi cha kukanyagia ili mtu ainue uzito wake, na mwindaji huweka simu au filimbi mahali mkono unapofika, na kumwachia mtu wa nyumbani maelezo ya mti alipo na saa ya kurudi. Aliyening'inia ana dakika za kufanya jambo. Aliyeanguka alikuwa na sekunde moja. Wengine hutaja uzoefu: wamepanda miaka thelathini bila kuanguka. Uzoefu huo unathibitisha ustadi wa miguu yao, hauthibitishi afya ya mkanda uliokaa juani tangu mwaka juzi, na mwili wa miaka sitini hauna mizani ya mwili wa miaka thelathini. Pingamizi la gharama ndilo zito kuliko yote, kwa sababu si kila mwindaji ana fedha. Lakini gharama ya ukaguzi ni muda, na gharama ya mikanda mipya ni sehemu ndogo ya bei ya bunduki, darubini na leseni. Asiyeweza kumudu dungu salama anaweza kukaa ardhini nyuma ya maficho ya matawi. Atapata wanyama wachache zaidi, na atarudi nyumbani kwa miguu yake.

Huku kwetu, dungu la shambani halina lebo ya uzito wala chama cha watengenezaji, lakini mtihani wake ni uleule. Nguzo zilizosimikwa udongoni huliwa na mchwa kuanzia chini, mahali macho hayafiki, kwa hiyo udongo ufukuliwe kidogo na nguzo ichomwe kwa ncha ya panga kila msimu kabla ya mtu kupanda. Kamba za magome na katani hukauka na kukatika. Zifungwe mpya kila mavuno. Ngazi ya miti iliyofungwa kwa kamba ijaribiwe kipandio kwa kipandio. Dungu la mwaka jana lililosimama shambani bila mlinzi lisirithishwe mtoto kwa kuwa tu bado limesimama. Na kwa ndugu zetu walio Marekani watakaoalikwa na marafiki kwenda kuwinda msimu ujao, wito ni huu: ombeni kuliona dungu mchana, kabla ya siku ya kuwinda. Ulizeni mikanda yake ilibadilishwa lini na kama mti wake uko hai. Mwenyeji asipokuwa na jibu, kaeni chini. Hakuna nyama ya kulungu inayolingana na uti wa mgongo wa mtu.